Mchanga Mmoja, Kambi Mbili

Mfasiri haumbuliwi na maneno makubwa. Uhuru, haki, mapenzi, mauti: haya yana wenyewe, na kila lugha imekwisha kuyawekea kiti chake barazani. Neno dogo ndilo linalomkalisha mtu usiku mzima mbele ya karatasi nyeupe. Mimi lilinikalisha neno camping, ambalo Wafaransa wamelikopa kwa Waingereza na hawakulirejesha tena.

Nililikuta katika maelezo ya kurasa chache niliyopewa niyafasiri, kuhusu mapumziko ya majira ya joto kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa. Yalieleza habari za watu wanaofunga nyumba zao kila ufikapo mwezi wa Agosti, wakapakia garini hema, jiko na watoto, wakaenda kulala wiki mbili au tatu kando ya Bahari ya Mediterania, kwa khiyari yao na kwa fedha zao. Nikaandika "kupiga kambi". Nikampa mpwa wangu asome, kwani jicho lake ni kali kuliko langu. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mjomba, hawa ni wakimbizi kutoka wapi?"

Jioni yake nikalipeleka suala hilo barazani, kwa mzee mmoja aliyevua samaki ujana wake wote. Yeye hakuuliza kitu. Alicheka, akasema: "Hao wanakwenda dago, mwanangu. Tena dago la kununua samaki!"

Nilidhani mpwa wangu amepotoka na mzee amefanya mzaha. Nilipozidi kuisoma historia ya pwani ile nikaona kwamba wote wawili wameugusa ukweli, na kwamba suala la kijana lilikuwa zito kuliko alivyodhamiria. Uko ufuo mmoja huko ambao mchanga wake umewalaza watu wa aina zote mbili, wenye raha na wasio na pa kwenda, na baina ya hao na hao ilipita miaka michache tu. Nataka, msomaji wangu, nikusimulie habari za ufuo huo.

Argelès-sur-Mer ni mji mdogo wa Ufaransa ulio karibu kabisa na mpaka wa Hispania, pale ambapo milima ya Pyrénées inateremka na kuzama baharini. Ufuo wake una urefu wa kilomita saba hivi. Sehemu kubwa ni mchanga mtupu. Upande wa kusini mchanga unakoma na majabali yanaanza. Ukiipa bahari mgongo unauona mlima wa Canigou, wenye urefu wa mita 2,784, ambao wakati wa baridi huvaa kilemba cha theluji. Pana na upepo wa pale pale, uitwao Tramontane, utokao kaskazini-magharibi. Ukivuma katika miezi ya baridi huurusha mchanga ukachoma uso kama sindano. Sisi tuliolelewa baina ya kaskazi na kusi tunajua kwamba upepo uliopewa jina si upepo wa mchezo.

Leo mji huo una wakaazi kiasi cha 10,000, nao hujinadi kuwa ndio mji mkuu wa kambi za mapumziko katika Ulaya. Viwanja vya kambi vinafika hamsini hivi, vimepangana chini ya misonobari nyuma ya ufuo. Mwezi wa Agosti idadi ya watu huongezeka mara nyingi. Huwepo msururu wa kuoga, msururu wa mkate na msururu wa magari, na kila mwenye hema yake anajua kwa hesabu siku atakayoikunja.

Lakini pwani ya Mediterania haikuanza kuwa ya watu wa hema. Katika karne ya 19 ilikuwa ya matajiri, tena ya msimu wa baridi. Reli ilipofika Nice mwaka 1864, waungwana wa Uingereza na Urusi walishuka huko kukimbia ukungu na theluji za kwao. Malkia Victoria mwenyewe alikuwa akenda Nice katika miaka ya 1890. Jina la Côte d'Azur, yaani Pwani ya Buluu, lilitokana na kitabu cha mwaka 1887 cha mtu aliyekuwa mshairi pia, Stephen Liégeard. Jina zuri hupandisha bei ya ardhi, na washairi hatulipwi hata senti katika biashara hiyo. Waungwana hao walilikimbia jua la kiangazi. Lilipowaka walirudi makwao, na pwani ikabaki na wavuvi, wakulima wa zabibu na mbu.

Kulala hemani kwa kupenda kulianzishwa na watu wengine kabisa. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani wa London, Thomas Hiram Holding, ambaye mwaka 1901 aliwakusanya wenziwe waliokuwa wakisafiri kwa baiskeli na hema ndogo za kujishonea, wakaunda chama, na mwaka 1908 akawaandikia kitabu cha mafunzo. Nampenda mtu huyu. Alikuwa hana cheo wala elimu ya chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni sindano na akili ya kuona kwamba kitambaa chepesi kikikatwa vizuri kinaweza kuwa nyumba. Hata hivyo wafuasi wake walibakia wachache. Hema mtu anaweza kuishona. Siku za kuitumia ndizo alizokuwa hana. Mfanyakazi wa kiwanda huko Ufaransa alikuwa na Jumapili yake moja kwa wiki. Akikosa kazini siku nyingine, alikosa na mshahara wake.

Siku hizo zilipatikana mwaka 1936, nazo hazikuletwa sahanini. Mwezi wa Mei mwaka huo muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, ulioitwa Front Populaire, ulishinda uchaguzi wa Ufaransa. Kabla Waziri Mkuu mpya, Léon Blum, hajashika kazi, wafanyakazi walianza kugoma. Migomo ikaenea kama moto wa makuti, hata wagomaji wakafika kiasi cha milioni mbili. Hawakutoka nje, walibaki ndani ya viwanda wakalala humo, wake zao wakiwapelekea chakula, na jioni wakicheza ngoma kwa kodiani baina ya mashine zilizonyamaza. Usiku wa tarehe 7 kuamkia tarehe 8 Juni mapatano yalitiwa saini. Tarehe 20 Juni ikapita sheria iliyompa kila mfanyakazi likizo ya wiki mbili kwa mwaka, na mshahara wake unaendelea. Sheria ya wiki ya kazi ya saa 40 ikafuata siku ya pili yake.

Blum alimteua kijana wa miaka 35, Léo Lagrange, kushughulikia michezo na mapumziko. Huyu ndiye aliyezibana kampuni za reli zitoe tiketi maalumu kwa wenye likizo, kwa punguzo la asilimia 40. Tiketi hizo zilianza mwezi wa Agosti 1936, na katika mwaka huo peke yake zilitumiwa na watu wapatao 600,000. Wengi wao walikwenda kijijini kwa wazee wao, kwani pesa za hoteli hazikuwapo. Lakini wako waliofika pwani kwa treni, na wako waliokwenda kwa baiskeli za watu wawili, mume mbele na mke nyuma, hema imefungwa juu ya gurudumu. Miongoni mwao walikuwapo watu wazima ambao hawakupata kuiona bahari katika maisha yao.

Magazeti ya wenye nacho yaliwacheka. Wizara ya Lagrange yaliiita wizara ya uvivu, na wageni hao wapya walisimangwa kwa kofia zao na kwa sauti zao, kama kwamba maji ya bahari yatachafuka wakiyaingia. Naikumbusha dhihaka hiyo kwa makusudi. Anayeiona leo hema ya mtalii akadhani ni kitu cha anasa tu, na ajue kwamba hema hiyo ina nasaba. Iliwahi kuwa dai la wanyonge kwamba mwili uliochoka nao una haki ya kulala chini ya mti na kuamshwa na mawimbi badala ya king'ora.

Sasa hapa ndipo kisa kinapogeuka, na mgeuko wenyewe uko ndani ya majira yale yale ya joto. Wakati wafanyakazi wa Ufaransa wanakunjua hema zao za kwanza, ng'ambo ya milima majenerali wa Hispania walikuwa wameasi. Uasi ulianza tarehe 17 Julai 1936, na Hispania nayo ilikuwa na serikali ya muungano wa mrengo wa kushoto iliyochaguliwa mwaka huo huo. Serikali hiyo iliomba silaha kwa jirani yake. Blum alitaka kusaidia, kisha, kwa kuzuiwa na washirika wake na kwa kuiogopa vita ya Ulaya nzima, akarudi nyuma. Mwezi wa Agosti Ufaransa ikasimama na siasa ya kutoingilia kati, huku Ujerumani na Italia zikiingilia mchana kweupe. Kwa hivyo Agosti ya likizo ya kwanza ndiyo Agosti ambayo jirani aliachwa peke yake. Sisemi haya kumhukumu aliyekuwa ufuoni akiogelea. Nasema tu kwamba kalenda iliwaandika wote wawili katika ukurasa mmoja.

Vita ile ilidumu karibu miaka mitatu. Barcelona ilianguka tarehe 26 Januari 1939, na nchi nzima ya Catalonia ikawa njiani kuelekea kaskazini: wanawake, wazee, watoto, majeruhi, na nyuma yao jeshi lililoshindwa. Ufaransa ilifungua mpaka kwa raia tarehe 28 Januari, na kwa wanajeshi tarehe 5 Februari. Katika muda wa wiki mbili watu karibu nusu milioni walivuka, kwa miguu walio wengi, katika theluji na mvua.

Wenyeji wao walikuwa si watu wa 1936 tena, au tuseme walikuwa ndio wale wale wamegeuka. Waziri Mkuu sasa alikuwa Édouard Daladier, aliyekuwa waziri wa ulinzi katika serikali ile ya Blum iliyotoa likizo. Mnamo Novemba 1938 serikali yake ilikuwa imekwisha kutoa amri ya kuwazuilia wageni iliowaita wasiotakikana. Wageni hao walipofika kwa malaki, ilitafutwa sehemu kubwa, tupu na isiyo na kazi wakati wa baridi. Wakapelekwa ufuoni. Waziri wa mambo ya ndani, Albert Sarraut, alieleza hadharani kwamba Argelès hapatakuwa gereza. Patakuwa kambi ya kuwakusanyia watu, na kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mfasiri akisoma maelezo ya namna hiyo hujua kwamba neno limetwishwa mzigo usiokuwa wake.

Kambi ya Argelès, mwanzoni mwa Februari 1939, ilikuwa mchanga na seng'enge. Hapakuwa na mabanda wala hema za kutosha, wala choo. Upande mmoja bahari, pande tatu waya. Watu wapatao laki moja walipita au kukaa hapo. Waliokuwa na mablanketi waliyafunga juu ya fimbo. Wasiokuwa nayo walifukua mashimo mchangani wakalala humo wakisogeleana, na Tramontane ikawafunika mchanga. Pampu zilichomekwa ufuoni, zikatoa maji ya chumvichumvi yaliyochanganyika na uchafu wa waliokwenda haja pwani. Maradhi ya kuhara na homa ya matumbo yakafuata. Mpiga picha Robert Capa, aliyekuwa ameipiga picha vita yenyewe, alifika huko mwezi wa Machi, na picha zake zinaonyesha safu za watu waliovaa makoti wakitembea katika uwanda mweupe usio na mwisho. Asiyeambiwa angedhani ni jangwa.

Yako na jambo moja linalotuhusu sisi Waafrika, nalo halifai kurukwa. Miongoni mwa askari waliowekwa kulinda waya walikuwamo askari wa kikoloni, wale walioitwa tirailleurs wa Senegal, ijapokuwa walitoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi, pamoja na wapanda farasi wa Afrika ya Kaskazini. Mtu aliyetwaliwa kwao na dola ya kigeni, akavishwa sare, alishikishwa bunduki ufuoni kumlinda Mzungu aliyekimbia udikteta. Wakimbizi wengi waliwakumbuka walinzi hao kwa uchungu. Naamini uchungu huo ulikuwa wa kweli. Lakini nikiitazama picha ya kambi ile naona pande zote mbili za waya watu walio mbali na kwao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na khiyari ya kuondoka.

Mahali hapo pana kaburi ambalo sisi wapenzi wa mashairi tunalijua. Kilomita chache kusini ya Argelès ndiko iliko Collioure, bandari ndogo yenye ngome na mnara wa kanisa ufukweni. Huko alifika Antonio Machado, mmoja wa washairi wakubwa kabisa wa Hispania, siku ile ile mpaka ulipofunguliwa. Alikuwa na umri wa miaka 63, mgonjwa, ameandamana na ndugu yake José na mama yao mkongwe. Maandishi yake yalikuwa yamepotea njiani. Alipata chumba katika hoteli ndogo, jambo ambalo maelfu waliokuwa mchangani hawakulipata, lakini hakuishi hata mwezi. Alifariki tarehe 22 Februari 1939, na mama yake akamfuata baada ya siku tatu. Jeneza lake lilifunikwa bendera ya Jamhuri na kubebwa na wanajeshi wa Hispania. Baadaye ndugu yake alikuta katika mfuko wa koti lake kikaratasi chenye maneno machache yaliyoandikwa kwa penseli. Hadi leo watu huenda kwenye kaburi lile na kuacha barua, na limewekwa sanduku la posta kwa ajili yake. Sijui kaburi jingine la mshairi linalopokea barua.

Wala isidhaniwe kwamba katika pwani ile hapakuwa na mtu mwenye huruma. Mwishoni mwa mwaka 1939 mwalimu kijana kutoka Uswisi, Elisabeth Eidenbenz, alifungua nyumba ya kujifungulia huko Elne, mwendo mfupi kutoka Argelès, katika jumba lililokuwa limeachwa. Aliwatoa kambini wanawake wenye mimba ambao watoto wao walikuwa wakifa kwa baridi na njaa. Mpaka nyumba hiyo ilipofungwa mwaka 1944, watoto 597 walizaliwa humo, wa Kihispania kwanza, kisha na wa Kiyahudi na wa Kijipsi, kwani kambi za ufuoni nazo zilikuwa zimeanza kupokea wafungwa wa aina mpya. Kambi ya Argelès yenyewe ilifungwa mwaka 1941. Lagrange, yule waziri wa likizo, hakuwahi kuyaona hayo yote. Alikwenda vitani kwa kujitolea, akauawa tarehe 9 Juni 1940.

Vita vilipokwisha watu walitaka jua, na hema za jeshi zilikuwa zimejaa maghalani. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz, mchezaji wa mpira wa majini, aliunda chama alichokiita Club Méditerranée. Baada ya vita alikuwa amepewa kazi ya kuwatunza watu walionusurika katika kambi za Wanazi, na hapo, inasemekana, ndipo alipoona jinsi jua, chakula na mchezo vinavyoweza kumrudishia mtu sura yake. Kambi yake ya kwanza aliipiga Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca, kwa hema zilizobaki katika maghala ya jeshi la Marekani. Akashirikiana na Gilbert Trigano, ambaye jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wa hema. Baada ya miaka michache hema zikabadilishwa na vibanda vya majani vya mtindo wa visiwa vya Pasifiki, na Wazungu wakalipa fedha nzuri kulala chini ya kitu ambacho sisi tungekiita banda la makuti. Kicheko cha mzee wangu wa barazani kinarudi masikioni mwangu kila nisomapo habari hiyo.

Likizo nayo ilirefuka: wiki ya tatu mwaka 1956, ya nne mwaka 1969, ya tano mwaka 1982. Magari madogo ya bei nafuu yakawafikisha wafanyakazi mpaka Mediterania. Wengine walivuka mlima kwenda pwani za Hispania, ambako maisha yalikuwa rahisi. Walipita Le Perthus, ile njia ya mpakani iliyojaa wakimbizi mwaka 1939, ila wao walikuwa wakielekea kusini, ndani ya nchi ambayo bado ilitawaliwa na Jenerali Franco, na ambayo wengi wa waliolala mchangani Argelès walikuwa hawathubutu kurudi.

Serikali ya Ufaransa ikaona fedha zinapita mlangoni. Mwaka 1963 iliunda tume chini ya Pierre Racine kuijenga upya pwani yote ya Languedoc-Roussillon. Ardhi ilinunuliwa kimyakimya kabla bei haijapanda. Mbu, ambao tangu 1958 walikuwa na taasisi yao maalumu ya kupambana nao, walifukuzwa katika maziwa ya maji chumvi. Bandari za mashua za starehe zikachimbwa, na miji mipya ikasimama, wa kustaajabisha zaidi ukiwa La Grande-Motte, ambao msanifu Jean Balladur aliujenga kwa majumba yenye umbo la piramidi. Katika orodha ya sehemu zilizoendelezwa yamo majina ya Le Barcarès na Saint-Cyprien. Anayeijua historia ya 1939 hushtuka akiyasoma, kwani hizo zilikuwa kambi nyingine mbili za wakimbizi, ndugu za Argelès, juu ya mchanga huo huo.

Je, waliochora ramani hawakujua? Walijua, nadhani, na ndiyo maana suala hili halina jibu jepesi. Kambi za 1939 ziliwekwa pale kwa sababu ufuo ulikuwa mpana, tupu, tambarare, wala haulimiki. Viwanja vya mapumziko viliwekwa pale kwa sababu hizo hizo. Mchanga haukumbuki kitu. Upepo mmoja wa usiku hufuta nyayo za mtu mmoja na za laki moja kwa wepesi mmoja, na mabanda yalipobomolewa na waya kukunjwa, hapakubaki hata jiwe la kusema kilichotokea. Kwa muda wa miaka mingi watoto wa Ulaya walifukua mashimo ufuoni kwa ndoo na sepetu zao za plastiki, bila ya kujua ni akina nani walioyafukua kabla yao.

Kumbukumbu ilirudishwa na watu, hasa watoto na wajukuu wa wakimbizi, wengi wao wakiwa wameshakuwa Wafaransa wa eneo hilo hilo. Leo liko jiwe la ukumbusho ufuoni, iko sehemu ya makaburi iitwayo ya Wahispania, na mjini ipo nyumba ya makumbusho ya kambi. Mwenye likizo anaweza kuingia humo asubuhi na kuogelea mchana. Wako wanaoona kwamba ni vibaya kuvichanganya vitu hivyo viwili, na kwamba ufuo wa huzuni usingefaa kuchezewa. Mimi siafikiani nao. Waliokuwa mchangani mwaka 1939 waliipigania jamhuri iliyotaka watu wa kawaida wasome, walale na wapumzike kama watu. Mtoto anayecheza pale bila ya khofu hawavunjii heshima. Kinachowavunjia heshima ni kutotajwa.

Ndipo ninaporudi kwenye dago la mzee wangu. Wavuvi wetu, khasa wa Kojani, wanapokwenda dago huhamia pwani za mbali kwa majuma au miezi, wakajenga mabanda ya makuti na kuishi maisha ya muda. Hawafiki kama wezi. Hujijulisha kwa wakubwa wa mahali hapo na hupewa sehemu yao. Wanakwenda kwa kazi wala si kwa starehe, na hapa mzee alikuwa akinitania. Lakini katika jambo moja dago na hema ya Agosti ni ndugu: mwenyewe anajua siku ya kurudi. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Raha yote ya kulala chini ya kitambaa inatokana na hilo, kwamba kuna mlango mahali fulani uliofungwa na ufunguo wake umo mfukoni mwako. Mtoe mtu ufunguo huo, na hema ile ile, mchanga ule ule na nyota zile zile zitakuwa adhabu.

Nilitafuta kwa siku kadhaa neno litakalomwepusha msomaji na suala la mpwa wangu. Nilifikiria kuandika "mapumziko ya hemani", na ingekuwa fasiri safi isiyo na lawama. Mwishowe niliirudia kambi. Lugha yetu imeliachia neno hilo wazi lipokee wote: wachezaji wa mpira, askari, wanafunzi wa mitihani, wakimbizi. Ufuo wa Argelès nao umewapokea namna hiyo. Kwa hivyo nimemwambia mpwa wangu kwamba hakukosea. Kila tuionapo kambi, hata ikiwa na miavuli ya rangi na magodoro ya upepo, inafaa tuulize kama alivyouliza yeye: hawa wametoka wapi, na je, wanaweza kurudi?